Ubua wa Bwana Gubigubi

Paukwa?

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na pango.

Wa ndani walikaaje?

Kichwa chini, miguu juu.

Na aliyekaa kichwa juu?

Alikuwa na yake.

Haya, sogeeni. Anayesinzia aende akalale, maana ngano hii ina hasira na mimi siisimulii mara mbili.

Hapo zamani, nyuma ya mashamba ya mkonge, palikuwa na kilima cha chokaa, na ndani ya kilima palikuwa na pango. Masika likiwa kavu, kiangazi likiwa baridi. Mwenye pango alikuwa Bibi Nondo, popo mkubwa mwenye mkia mrefu na pua iliyokunjamana kama jani. Aliitwa Nondo kwa kuwa hakuna alichopenda kula kuliko nondo, na chini ya mahali pake palitapakaa mbawa alizotema. Popo wote wadogo wa pangoni walikuwa wake. Wenye masikio mapana walikuwa wake. Wenye pua za majani walikuwa wake. Wenye mikia inayochomoza kama ya panya walikuwa wake. Bibi Nondo hakumwuliza mtu urefu.

Miongoni mwao alikuwapo Tiriri. Tiriri alikuwa mdogo kuliko dole gumba lako, lakini kama angepewa mwili wa kulingana na ulimi wake asingeenea mle pangoni. Alikuwa amejifungua, na kichanga chake cha siku nane kilikuwa kimemng'ang'ania kifuani, hakijaota nywele za kutosha, hakijui kuruka.

Basi Bibi Nondo akafa. Alikufa palepale alipokuwa akining'inia, kucha zimeshika mwamba, na mwili ukakauka polepole bila kudondoka. Sasa, popo wa pango lile walikuwa na mila yao. Akifa mwenye nyumba, mfiwa mkuu hushuka sakafuni akakaa kichwa juu miguu chini, kinyume cha popo wote, akanyamaza. Hainuki mpaka ndugu mmoja aje na kitu cha kula mkononi, aseme mbele ya watu, "Huyu ni wangu." Hapo matanga yameanuliwa, na yule aliyekaa ndiye mrithi wa pango. Jambo lenyewe ni jepesi. Lakini walikaa wakibishana nani ashuke, huyu akimsukumia yule, yule akisema ana mafua, na wakati wanabishana akaingia mgeni.

Mgeni alikuwa Bwana Gubigubi, popo wa matunda kutoka mikuyu ya mtoni. Alikuwa na mbawa kubwa hata akijifunika gubigubi huoni ukucha, na jina likamkaa. Alikuja na wanawe wawili, na mkubwa wao aliitwa Kungu. Alikuja kutoa pole.

Siku ya kwanza alitoa pole. Siku ya pili alitoa pole akauliza upande gani una ubaridi. Siku ya tatu alitoa pole akahamia upande wa marehemu na kurundika kuyu zake, matunda ya mikuyu, kwenye ufa wa ukuta. Siku ya saba hakutoa pole tena.

Siku ya nane aliingia na ubua wa mtama mdomoni. Akaupachika kwenye mkono mkavu wa Bibi Nondo, toka kiwiko hadi kifundo, akaukata kwa meno, kwach!

"Huu ndio ukoo wa marehemu," akasema. "Ndugu hufanana na ndugu. Anayeufikia ubua ni ndugu, akae. Asiyeufikia ni mpita njia, na mpita njia hupita."

Akajipima yeye kwanza, mbele ya wote. Mkono wake ukafika. Ukafika na ukabaki. Kisha akawaita wengine.

Wakaja wenye masikio mapana. "Nyoosha mkono." Wakanyoosha. "Hufiki. Si ndugu. Toka." Wakatoka, puru puru puru.

Wakaja wenye pua za majani. "Nyoosha mkono." Wakanyoosha. "Hufiki. Si ndugu. Toka." Wakatoka, puru puru puru.

Wakaja wenye mikia ya panya, na mzee mmoja wao alijivuta kiungo kwa kiungo mpaka kikalia, ko! "Hufiki. Si ndugu. Toka."

Kisha akawageukia wanawe, waliokuwa nyuma yake wakiwacheka wenzao. Gubigubi alikuwa amepiga hesabu zake. Mwana hula cha baba, na mwana akikua humsukuma baba ukingoni. "Nyoosha mkono," akamwambia Kungu. Kungu akadhani ni mzaha, akanyoosha. Akapungukiwa upana wa ukucha. Baba mtu akautazama ule upana wa ukucha kwa furaha nisiyoweza kuwaeleza, akasema yale yale aliyowaambia wote. Kicheko kikawakauka wale vijana mdomoni. Wakatoka.

Akabaki Tiriri na kichanga chake.

"Nyoosha mkono."

Tiriri hakunyoosha. Mwili mzima ulikuwa ukimchemka, na mtoto alipousikia moyo wa mama unavyopiga akaanza kulia.

"Bwana Gubigubi," akasema, "umempima marehemu mkono. Vyema. Sasa mpime na kwingine. Marehemu ana mkia. Wa kwako uko wapi?"

Gubigubi akajifunika nyuma kwa ubawa.

"Marehemu kidole chake cha pili hakina ukucha. Changu hakina. Chako kina. Pua yake ina jani. Yako laini kama ya mbwa. Mkono wake ni mrefu kwa sababu alikuwa mkubwa, basi. Lakini chukua kidole ulinganishe na mkono, sikio ulinganishe na kichwa, mkia ulinganishe na mguu, utaona kila kiungo chake kimegawiwa kama vilivyogawiwa vyetu. Mtazame mwanangu. Hata kidole cha Bibi hakifikii, na bado ni Bibi huyu. Chungu kikubwa na chungu kidogo, mfinyanzi mmoja. Wewe ni sufuria. Sufuria ikilingana na chungu kwa ukubwa haijawa chungu."

Ilikuwa kweli tupu, na kila aliyekuwa mlangoni akisikiliza aliiona kwa macho yake. Gubigubi naye aliiona. Ndiyo maana hakujibu hata neno moja la hayo.

"Mkia haupimwi," akasema.

"Nani kasema?"

"Mwenye ubua."

Akampiga ubawa mmoja, pwaa! Tiriri akajikuta nje pamoja na mtoto.

Mimi nikifika hapa huwa nasaga meno. Mnyonge aliyeshindwa hoja, nitamwelewa. Lakini aliyeshinda hoja akatupwa nje, na wenzake mia wamesimama wanatazama miguu yao, huyo nimpe neno gani? Tiriri aliwakasirikia wenzake karibu kama alivyomkasirikia Gubigubi. Aliwauliza mmoja mmoja walikuwa na ndimi au walikuwa na majani mdomoni. Mmoja alisema hakusikia vizuri. Mwingine alisema kipimo ni kipimo. Yule mzee aliyejivuta kiungo alisema angejivuta zaidi kidogo tu, angefika.

Na masika yalikuwa yameanza. Wakajibanza chini ya jabali, ubavu kwa ubavu, na maji yakiwachirizikia mgongoni, chiri chiri chiri. Kichanga kilikuwa kikitetemeka. Asubuhi kilitetemeka, mchana kilitetemeka, na jioni kikaacha kutetemeka, kikawa baridi tu na kimya. Tiriri akajua maana yake. Kikikosa pango siku mbili tatu zaidi, hana mtoto.

Wifi yake akamsogelea, akamfunika kwa ubawa, akamwambia kwa upole, "Wifi, mwachie Mungu."

"Mungu nimemwachia mengi," akasema Tiriri. "Hili nalishika mwenyewe."

Akawaza. Wapo wanaowaza vizuri wakitulia, na wapo wanaowaza vizuri wakichemka. Tiriri alikuwa wa kuchemka. Akajiuliza: kama sisi si ndugu wa marehemu, tulikuwa nani kwake miaka yote hiyo chini ya dari moja? Akatafuta jina la watu wa namna hiyo. Akalipata. Akacheka kicheko kibaya hata wifi yake akauondoa ule ubawa.

Kulipopambazuka akawakusanya wote, na wana wa Gubigubi wakiwamo, akawafundisha la kusema. Wakaingia pangoni kwa safu, vichwa vimeinama, kwa adabu zote.

"Shikamoo, bwana," akasema Tiriri.

"Marahaba," akasema Gubigubi, mdomo umejaa kuyu.

Tiriri akamwambia wamekubali kipimo. Isipokuwa matanga hayajaanuliwa, na pango halirithiwi mpaka yaanuliwe, kwa hiyo wamekuja ili jambo limalizwe kwa heshima na pasiwe na wa kuja kudai kesho. Waulize tu mara ya mwisho, mbele ya mwili wa marehemu, nani ni nani. Gubigubi aliposikia kwamba hakutakuwa na wa kudai kesho, akameza kuyu nzima na mbegu zake.

"Sisi ni ndugu wa marehemu?" akauliza Tiriri.

"Si ndugu."

"Sisi ni ndugu zako?"

"Si ndugu zangu hata kidogo."

"Na vijana hawa wawili?"

Kungu akamtazama baba yake. Kijana alikuwa ameloa. Gubigubi akamtazama, akautazama ubua, akalitazama pango lilivyo kavu.

"Hawafiki," akasema. "Si ndugu."

"Basi umefiwa peke yako, bwana. Pole sana. Shuka ukae."

Gubigubi akajiachia, buu! Akakaa sakafuni, kichwa juu miguu chini, akajifunika gubigubi kwa huzuni ya kukodi. Tena mfahamu, popo wa umbo lile akishafika chini hawezi kuruka. Mbawa zake ni kubwa, hazipati hewa. Ni lazima autambae ukuta apande juu, ndipo ajiachie. Popo wadogo wakatua ukutani mmoja mmoja, wakajaza kuta zote toka sakafu hadi dari, hata palipotosha ukucha hapakubaki.

"Sasa," akasema Tiriri, "sisi si ndugu, nawe umesema mara tatu. Na wanaoishi karibu na mtu wasiwe ndugu zake, mila inawaita watani. Tumekuja kuendesha msiba, mtani wetu."

Utani mnaujua. Mtani akija msibani ana ruhusa. Atakula cha mfiwa, atalala mahali pa marehemu, atamwigiza mfiwa anavyolia, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akifoka, matanga yanaanza upya.

Basi wakaanza. Wenye masikio mapana wakazishusha kuyu zake zote kutoka kwenye ufa, wakazitafuna bila kuzimeza na kuzitema mbele yake, twe! twe! twe! Wenye pua za majani wakaning'inia mahali pake, wakajifunika kwa mbawa zao ndogo na kukoroma kama yeye. Wengine wakapiga ukelele, "Uwii! Maskini bwana huyu, amefiwa na mkia! Alifariki kabla hajazaliwa!"

Tiriri akauchukua ubua. Akashuka, akaanza kumpima.

"Tumbo: mabua mawili. Aibu: haifiki. Pua: ya mbwa. Shukrani kwa mwenye nyumba: nyoosha. Hufiki."

"We mwanaharamu!" akafoka Gubigubi.

"Mfiwa amefoka," wakasema ukutani wote kwa pamoja. "Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Siku ile alifoka mara nne. Siku ya pili alifoka mara mbili. Siku ya tatu hakufoka, maana njaa ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na miguu ambayo haikuzoea kubeba mwili ilikuwa imevimba. Kichanga cha Tiriri wakati huo kilikuwa kimenyonya na kulala siku tatu katika ukavu, na sauti yake ilikuwa imerudi. Tiriri aliisikia sauti ile, na hasira yake haikupungua hata chembe.

"Niinueni," akasema Gubigubi.

"Watani hawainui mtu," akajibu Tiriri. "Ndugu ndiye huinua. Mwite ndugu yako."

Gubigubi akazungusha macho ukutani. Akamwona mwanawe. "Kungu, mwanangu, lete hata ganda la kuyu. Sema neno lile."

Kungu akashuka hatua moja ukutani, kisha akairudisha.

"Ningekuja, baba," akasema. "Ila nimepungukiwa na ukucha."

Gubigubi akamgeukia Tiriri. Sauti sasa ilikuwa laini kama kuyu iliyooza. "Dada yangu. Sote popo. Sote tuna mbawa, sote twaning'inia. Mambo ya kupimana ya nini baina yetu?"

Hapo Tiriri akalipuka. Akatua mbele ya uso wake, karibu kabisa, mdomo mmoja wa yule ungemmeza.

"Sasa ndio sote popo? Mwanangu alikuwa kichanga. Alikaa mvuani mpaka akawa wa baridi mikononi mwangu, nami nilikuwa nahesabu pumzi zake, na wewe ulikuwa humu umelala juu ya kuyu. Nilikuonyesha mkia. Nilikuonyesha kidole. Nilikuonyesha kila kiungo, ukaona, ukasema hakipimwi. Hukukosa kujua. Ulijua. Usiniite dada, nisije nikasahau kwamba mimi ni mtani tu."

Akahema. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Una njia mbili," akasema. "Ubua ukisema kweli, wewe ndiye mfiwa, na huna ndugu wa kukuinua, utakauka hapo ulipo kama marehemu, ila wewe sakafuni. Mkia ukisema kweli, wewe si mfiwa, ni mgeni aliyekuja kutoa pole, na mgeni huondoka wakati wowote. Chagua kipimo."

Gubigubi akaikunja pua. Akautazama mwamba mkavu wa dari. Alipenda sana dari ile. Akatazama na tumbo lake, na tumbo likampigia kelele, ngrrr.

"Bibi Nondo hakuwa ndugu yangu," akanong'ona.

"Masikio mapana hawajasikia," akasema Tiriri.

"Bibi Nondo hakuwa ndugu yangu! Alikuwa na mkia, mimi sina. Yeye wa nondo, mimi wa kuyu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Popo wakasogea, wakaacha ukanda mmoja wa ukuta, mwembamba. Gubigubi akaupanda akiburura tumbo, khara khara khara, na kila alipopita walimwambia, "Pole, bwana. Pole, bwana," mpaka akafika mlangoni, akajiachia, akapotelea upande wa mtoni. Hajarudi hadi leo. Huko mikuyuni nasikia bado hupima matawi.

Ndipo Tiriri alipokumbuka kwamba Bibi Nondo alikuwa hajaliliwa. Siku zote hizo, kelele zote hizo, na mwenye nyumba ananing'inia pale na hakuna chozi. Safari hii hakuna aliyesema ana mafua. Tiriri akashuka mwenyewe na mtoto kifuani, akakaa sakafuni kichwa juu miguu chini, akanyamaza. Akalia mpaka hasira na kilio vikachanganyika, asijue kipi ni kipi.

Wenzake wakatoka kutafuta nondo wa kumwinulia. Lakini aliyetangulia kurudi, kabla ya wenye masikio na kabla ya wifi yake, alikuwa Kungu. Mkononi alikuwa na kuyu moja iliyopondeka, ambayo popo wa nondo haili. Akasimama mbali kidogo.

"Huyu ni wangu," akasema.

Tiriri akamtazama. Hana mkia. Kidole cha pili kina ukucha. Pua laini, ya babaye kabisa. Pango zima hapakuwa na aliyejua kupima kuliko Tiriri, na kila kiungo cha kijana yule kilimwambia hapana. Akaipokea ile kuyu, akaila yote ingawa ilimkereketa koo, kisha akainuka.

Basi, wanangu, na funzo la ngano hii ni hili. Msiwe na hasira, maana hasira ni hasara. Mkipigwa, tulieni. Mkitupwa mvuani, mshukuruni aliyewatupa, huenda alikuwa na kipimo. Na mwenye mkono mrefu kuliko wenu mwaminini siku zote, hasa akija na ubua.

Mnacheka nini? Ndivyo nilivyofunzwa, nami nawafunza.

Ngano yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, tumeila sote. Ikiwa chungu, niachieni, mimi nitaimaliza.